Laki tano na nusu ya Dar: niache kazi yangu Mafinga?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mafinga mkoani Iringa. Nilimaliza shahada ya uhasibu kwa mkopo wa bodi, nikarudi nyumbani, nikakaa miezi tisa bila kazi mpaka nilipopata nafasi kwenye SACCOS moja hapa mjini. Mshahara ni 350,000. Wakishakata NSSF, kodi na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo, mkononi inaingia 258,900. Nimepanga chumba Kinyanambo kwa 30,000 kwa mwezi. Kazini naenda kwa mguu, mchana narudi kula. Viazi na maharage vinatoka shambani kwa mama kijijini, ambaye namtumia 30,000 kila mwisho wa mwezi. Kwenye kikoba naweka 20,000, na kikoba chetu kinavunjwa Desemba 20.

Wiki mbili zilizopita nimepata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi iko Kurasini. Walinifanyia usaili kwa simu mara mbili nikiwa hapahapa Mafinga. Kazi yenyewe ni kuandaa nyaraka za forodha na hesabu za wateja. Mshahara ni 550,000, mkataba wa mwaka mmoja, miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Wanataka niripoti Desemba mosi.

Mama yangu mzazi nilipomwambia alilia kwa furaha. Ameshatangaza mpaka jumuiya, na mdogo wangu ameshaambiwa kwamba mwakani ada yake itatoka Dar. Mjomba anasema mtu mwenye digrii akiendelea kukaa Mafinga amelala. Lakini rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye yuko Sinza, aliniambia wazi: "Laki tano na nusu hapa ni hela ya nauli. Utakuja kulia."

Dalali mmoja amenitumia picha za chumba Mtoni kwa Azizi Ali. Kodi ni 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 560,000. Anataka nimtumie 100,000 leo ili anishikie. Akiba yangu ni 310,000. Kuna mama hapa mtaani anakopesha kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, nafikiria kuchukua 500,000 kwake, niende, nilipe taratibu.

Nina mama mdogo Chamazi. Nilipompigia alisema, "Njoo mwanangu, tutabanana hapahapa." Lakini ana vyumba viwili na watoto wanne, naona aibu kumwongezea mzigo.

Mama, nakosa usingizi. Nikikataa naogopa nafasi kama hii haitarudi. Nikikubali naogopa kuaibika. Niende au nisiende?

Binti wa Kinyanambo

*

Marahaba mwanangu.

Nakushukuru kwa kuniandikia hesabu kamili. Barua nyingi za namna hii zinataja mshahara wa kwenye karatasi tu, na mtu hali mshahara wa kwenye karatasi. Wewe umenipa unachopokea mkononi, kwa hiyo na mimi nitaanzia hapo.

Katika 550,000, NSSF ni 55,000. Bodi ya mikopo itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 82,500. Kodi inahesabiwa baada ya kutoa NSSF, na 270,000 ya kwanza haiguswi, kwa hiyo utakatwa asilimia 8 ya 225,000, ambayo ni 18,000. Utapokea 394,500. Ukilinganisha na unachopata sasa, ongezeko ni 135,600. Hiyo ndiyo Dar yako yote, mwanangu. Zile laki mbili ambazo mama na mjomba wanaziona hazipo.

Sasa tuiweke hiyo 135,600 mtaani. Kodi itapanda kutoka 30,000 hadi 80,000, hapo imeondoka 50,000. Ukikaa Mtoni na kupanda gari moja, nauli tuseme 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie tuseme 2,500, kwa siku hizohizo ni 65,000. Jumla 146,200. Umeshazidi ongezeko lako kwa 10,600 kabla hujanunua dumu la maji wala kuchangia LUKU na wapangaji wenzako, kabla ya chakula cha usiku, ambacho Mafinga kinatoka kwenye gunia la mama na Dar kinatoka dukani.

Kwa hiyo ukiniuliza kama utaishi vizuri zaidi Dar kuliko unavyoishi leo, jibu langu ni hapana, si mwaka huu wa kwanza. Mtu asikudanganye kwa hilo.

Lakini rafiki yako naye hajasema kweli yote. Dar ina watu wengi sana wanaopokea chini ya hapo, wanaamka asubuhi, wanakwenda kazini, wanasomesha. Wanaishi Keko, Tandika, Buza, Mbagala, wawili wawili kwenye chumba, na wamejua mji wao. Sinza ina bei zake.

Kitu ninachokiona kwenye barua yako, na ambacho wewe umekipita kwa mstari mmoja, ni kazi yenyewe. Nyaraka za forodha! Mafinga unaweza kuwa mhasibu wa SACCOS miaka kumi na bado ukawa mhasibu wa SACCOS. Kazi ya uwakala wa forodha inafundishika kwenye bandari, kwenye mipaka na kwenye viwanja vya ndege, na Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi. Chuo cha Kodi, kilicho chini ya TRA hapohapo Dar, kinatoa mafunzo ya uwakala wa forodha yanayotambulika Afrika Mashariki. Mtu mwenye digrii ya uhasibu, mwenye cheti kile, na mwenye miaka miwili ya kushika nyaraka kwa mikono yake, hatafuti kazi kwa kubembeleza. Hicho ndicho unachokwenda kununua, na bei yake ni mwaka mmoja au miwili ya kubana. Mimi naona inafaa kulipwa. Kama ungekuwa umeitwa kukaa kaunta ya duka kwa laki tano na nusu ileile, ningekwambia baki Kinyanambo.

Kwa hiyo nenda. Ila si kwa njia uliyoipanga, na hapa nakuomba unisikilize kama ambavyo ningependa mtu aniambie mimi mwaka 1996.

Mwaka huo nilikuja Dar kutoka Muheza. Nilipata kazi ya ukarani kwenye ghala. Mama yangu aliuza cherehani yake ili nilipe kodi ya miezi sita ya chumba Tandika. Chumba kilikuwa kizuri, kina dirisha la nyavu, na nilijiona nimeshafika. Kila jioni nilikuwa naifunika ndoo ya maji, juu ya kifuniko napanga sarafu zangu kwa safu: safu ya nauli, safu ya mafuta ya taa, safu ya unga. Safu ya unga ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupungua, kwa sababu nauli huwezi kuipunguza na giza huwezi kulikalia. Mwezi wa tatu ghala likafungwa. Hakuna aliyetuambia, tulikuta kufuli.

Nilikuwa na chumba cha miezi mitatu kilicholipiwa, na sina cha kula ndani yake. Nilikwenda kwa mwenye nyumba kumwomba anirudishie japo kodi ya miezi miwili ili nipate nauli ya kurudi Muheza. Hakunigombeza. Alininyooshea kidole juu tu, nikatazama: bati mpya, zinang'aa. Pesa ya cherehani ya mama yangu ilikuwa imeshapigiliwa misumari. Mama mmoja jirani aliyekuwa anakaanga mihogo ndiye aliyenishika mkono. Nilimmenyea mihogo alfajiri, naye akanilisha mpaka nilipopata kibarua kingine.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa sababu hiyohiyo, wanajengea. Ikishatoka mkononi mwako, usiihesabu kama akiba. Sasa tazama tarehe zako. Unataka kulipa miezi sita ya chumba, na miezi hiyohiyo sita ndiyo ya majaribio kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, lakini vifungu hivyo havimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Yaani wakati ambao unaweza kuambiwa "asante, kesho usije" ndio wakati ambao pesa yako yote iko kwenye bati la mtu.

Ndiyo maana nasema uende kwa mama yako mdogo Chamazi.

Najua umeona aibu. Lakini aliposema mtabanana hapahapa, hakukuambia ana nafasi. Alikuambia atakupa sehemu ya ile aliyo nayo, na neno hilo ni zito kuliko chumba. Unachotakiwa kufanya ni kutokuwa mgeni. Mpigie tena, safari hii si kwa salamu. Mwambie utakaa mpaka mwisho wa Aprili, taja mwezi, kwa sababu mwenyeji anachoka na kukaa kusikokuwa na mwisho zaidi ya anavyochoka na mtu. Mwambie kila mshahara ukitoka utampa 90,000 ya chakula mkononi mwake, siku hiyohiyo. Shuka na gunia la viazi vya Mufindi na debe la maharage. Uliza kazi gani ya nyumbani itakuwa yako, kuchota maji au kuwasimamia wadogo zako usiku wakifanya kazi za shule. Binti mwenye digrii ya uhasibu anayekaa na watoto wanne na madaftari yao ya hesabu si mzigo kwa nyumba hiyo.

Chamazi ni mbali na Kurasini, sitakuficha. Utapanda gari la kwanza mpaka Rangi Tatu, la pili mpaka kazini. Utatoka saa kumi na moja alfajiri, kuna siku utarudi saa mbili usiku, umesimama njia nzima na kwapa la mtu usoni. Kwa magari mawili nauli itakuwa kama 62,400 kwa mwezi. Hata hivyo hesabu inakaa. Toa nauli, toa 90,000 ya mama mdogo, toa 30,000 ya mama, toa 65,000 ya chakula cha mchana, inabaki 147,100. Weka 100,000 kila mwezi, hiyo 47,100 iwe ya bando, sabuni na panadol. Kuanzia Januari mpaka Aprili utakuwa na 400,000. Ongeza akiba yako na fedha za kikoba, mwezi wa tano utapanga chumba kwa pesa yako mwenyewe, ukiwa unaijua mitaa, na pengine ukiwa umempata mwenzako kazini wa kugawana naye kodi. Utakuwa pia unajua kama kazi hiyo ni ya kukaa au la.

Nimesema Januari, na sikukosea. Waandikie hao wa Kurasini, kwa adabu, kwamba unakabidhi hesabu za mwisho wa mwaka na unaomba kuripoti wiki ya kwanza ya Januari. Hilo ni jambo la kweli na mhasibu mwenzako atalielewa. Utapata mshahara mmoja zaidi wa Mafinga na kikoba kitavunjwa ukiwepo. Wakikataa, nenda Desemba, ila kaa na mwenyekiti na mhazini wa kikoba kabla hujaondoka, mgao wako uandikwe kwenye daftari kwamba utatumwa kwenye simu yako, na wewe usaini uone.

Kwenye barua hiyohiyo usiombe nyongeza ya mshahara. Uliza kama ofisi inatoa chakula cha mchana, na kama haitoi, omba posho ya chakula au nauli. Wakikuongeza mshahara wa msingi, katika kila 1,000 zaidi ya 300 zitakatwa kabla hujaziona. Sahani ya wali ikiletwa ofisini unaila yote, na kwako thamani yake ni 65,000 kwa mwezi.

Halafu mkataba. Usisaini mpaka uone imeandikwa kwamba mahali ulipoajiriwa ni Mafinga. Usaili walikufanyia ukiwa Mafinga, ni haki yako. Kifungu cha 43 cha sheria ile niliyoitaja kinasema mfanyakazi akiachishwa kazi mahali tofauti na alikoajiriwa, mwajiri amrudishe yeye na vitu vyake, au alipie usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi mpaka stendi iliyo karibu na huko alikotoka. Wengi hawakijui. Ukisaini karatasi inayosema uliajiriwa Dar es Salaam, umejinyima nauli ya kurudi kwa kalamu yako. Mwaka 1996 hapakuwa na sheria hii, lakini nikikisoma kifungu hicho leo naiona ile kufuli.

Sasa yule mama wa riba. Hapa sina lugha ya kubembeleza: usichukue. Tufanye umepanga Mtoni kwa mkopo wake. Katika 394,500 toa kodi 80,000, ambayo utahitaji kuiweka upya kwa miezi sita mingine, toa nauli 31,200, mchana 65,000, ya mama 30,000, na chakula cha usiku 3,000 kwa siku, yaani 90,000. Inabaki 98,300. Riba ya 500,000 kwa asilimia 20 ni 100,000 kila mwezi. Riba peke yake, deni halijaguswa hata shilingi. Utafanya kazi bandarini na faida itakuwa ya mtu wa Mafinga. Mikopo hii haikuitwa kausha damu bure. Na ukishakwama, utafungua simu utafute mkopo wa mtandaoni wa kulipia mkopo, na wale wakichelewa kulipwa wanawapigia watu walioko kwenye simu yako, mama yako akiwemo.

Kwa dalali, usitume hiyo 100,000. Chumba kinalipwa ukiwa umesimama ndani yake, umemwona mwenye nyumba, umeongea na wapangaji, umeuliza maji yanatoka siku gani na LUKU wanachangaje. Chumba cha picha wanatumiwa watu kumi kwa siku moja.

Mama yako nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Ada ya mdogo wako haiwezi kutoka Dar mwakani. Mwambie sasa, kabla hujapanda basi, ukiwa umekaa naye jikoni. Chukua karatasi, mwandikie mistari ileile niliyokuandikia mimi: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Mwambie 30,000 yake haitakosa, na kwamba ada itazungumzika mwaka unaofuata. Atanyamaza kidogo. Mzazi aliyekusomesha kwa viazi anaijua hesabu ya msimu mbaya, atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Ya jumuiya mwachie mwenyewe.

Liko jambo moja likitokea, nitabadili jibu langu. Ukimpigia mama mdogo na ukasikia amesita, au mume wake hajakubali, kazi hii iache. Usiikimbilie kwa mkopo kwa kuogopa kwamba nyingine haitakuja. Kampuni iliyokutafuta Mafinga kwa simu mara mbili imeona kitu kwenye karatasi zako, na wengine watakiona. Utaendelea kuweka akiba, utaomba nyingine ukiwa na kodi yako mkononi.

Basi la kutoka kwenu litakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka pale mpaka Chamazi ni safari nyingine. Panga usifike usiku. Mwombe mama mdogo amtume mtoto wake mkubwa aje kukupokea, kwa sababu ya lile gunia la viazi.

Mpigie leo jioni.